Ushuhuda Usio na Amina

Nina hasira, na nitaisimulia habari hii nikiwa nayo, kwa sababu nimejaribu kuingoja ipoe na imekataa.

Ilianza na bango. Lilibandikwa kwenye ukuta wa kanisa letu hapa Misiera, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Lilikuwa na picha ya mikono mingi iliyoshikana, maneno ya Kiingereza, na chini yake Kiswahili nilichokitafsiri mimi mwenyewe: Mazungumzo ya Jamii Kuhusu Ustawi wa Watu Weusi, Utamaduni, Elimu na Ukarimu. Kutafsiri ndiyo kazi yangu. Kule Kivu ya Kusini nilikuwa mwalimu, Kifaransa kikinilisha. Hapa Uganda nikajifunza Kiingereza kwa lazima, na sasa mashirika yakija na maneno yao hunipigia simu mimi, niyageuze yapate kuingia masikioni mwa watu.

Maneno yale "watu weusi" yaliwachekesha wamama. Mmoja aliyekuwa akipanga nyanya zake mbele ya kanisa aliniita.

"Mwalimu, banasema batu beusi. Ni sisi?"

Nikamwambia ni sisi.

"Na bale bengine ba hapa, beko rangi gani?"

Tukacheka wote wawili. Alikuwa na haki. Hapa Nakivale hakuna aliyewahi kuniita mweusi. Nimeitwa mkimbizi, nimeitwa Mkongomani, nimeitwa wewe-rudi-kesho. Anayenigawia unga ni mweusi, anayeninyima ni mweusi, na waliotufukuza nyumbani kwetu walikuwa weusi vilevile. Lakini sikutaka kuwa mbishi. Wageni wenyewe walioandaa mazungumzo walikuwa weusi, wametoka ng'ambo ya bahari, vizazi vya watu waliouzwa utumwani. Kiongozi wao, mama wa makamo mwenye mvi zilizosokotwa vizuri, aliposhuka garini aliinama, akagusa udongo wa Misiera kwa viganja vyote viwili, akalia. Nilimpenda palepale. Nayasema haya ili mtu asidhani nilikwenda kwao na roho mbaya.

Taasisi yao ilikuwa imetenga fedha za kuwasomesha watoto wachache wa Nakivale katika shule za sekondari za bweni kule Mbarara. Hilo halikuandikwa kwenye bango. Tuliambiwa na mratibu wao, kijana wa kutoka Kampala aliyevaa viatu vyeupe kwenye vumbi letu, na sijui alikuwa akivifuta na nini. Alipita nyumba kwa nyumba, mimi nikiwa nyuma yake, akieleza kwamba familia zitachaguliwa kutokana na mazungumzo. Watu waje waseme kwa uhuru. Wageni watasikia wenyewe nani ana shida.

Na mwenye shida niliyemjua mimi kuliko wote alikuwa wifi yangu, mjane wa kaka yangu. Anauza ndagala, yaani dagaa, na unga wa muhogo hapo Misiera, kibanda kimoja kando ya fundi cherehani. Ana binti mmoja, ambaye ana paji la uso la kaka yangu, na ukali wake pia. Binti huyo alimaliza shule ya msingi akafaulu hata walimu wake wakaja nyumbani kumpongeza mama. Mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni Mbarara alikubali kumshikia nafasi mpaka muhula uanze. Muhula ukianza bila ada, nafasi itakwenda kwa mtoto mwingine. Ndiyo hivyo tu. Hakuna lingine lolote katika habari hii ninayosimulia ila hilo: yule mtoto ataingia shule au hataingia.

Sasa lazima nieleze jambo moja ambalo sisi hatulielezi, kwa kuwa kila mtu kwetu analijua. Katika makanisa yetu, Jumapili, kuna saa ya ushuhuda. Mtu husimama, husalimu, husimulia aliyoyapitia, na akifika mwisho hushukuru. Hakuna ushuhuda usio na shukrani. Ukisimama ukalia shida zako halafu ukakaa chini, umewaachia wenzako mzigo mikononi na hawajui wauweke wapi. Tena mwenye imani kweli kweli hashukuru kwa alichopata tu. Hushukuru kwa kile anachokiomba, na hukitaja kana kwamba kiko mkononi tayari. Mgonjwa husema nimepona. Asiyezaa husema ninanyonyesha. Watu hupiga kelele za amina, wamama huanza pambio, na wote mle ndani wanaelewa kwamba mtu huyo hana kitu, na kwamba anaomba kwa nguvu zake zote. Hakuna anayedhani amesema uongo. Tena wanaomsikia wakitoka nje ndio wanaompelekea unga.

Wifi yangu ni bingwa wa ushuhuda. Mimi humtania kwamba angekuwa mwanamume tungekuwa na pasta mwingine hapa. Yeye hunijibu kwamba mimi imani yangu ni ya makaratasi.

Siku ya mazungumzo kanisa lilijaa. Walipanga viti duara. Waligawa vikaratasi vya rangi vyenye gundi ili tuandike ustawi ni nini. Mama mmoja akasema ustawi ni kulala bila kuwaza, na kikaratasi chake kikabandikwa ukutani, wageni wakatikisa vichwa kwa heshima kubwa. Wakauliza: katika jamii yenu, wakarimu ni akina nani? Hakuna aliyejibu. Wageni wakaandika kitu. Najua walichoandika, kwa sababu nilikisikia baadaye kwenye hotuba: kwamba utamaduni wa kutoa unahitaji kujengwa hapa.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaka. Wifi yangu alipofika Nakivale alikuwa amembeba yule mtoto mgongoni na hana hata sufuria. Mama huyu alileta sufuria, yule mkeka, mwingine akampa vijiti vya muhogo vya kupanda, na wote wakalala naye chini juma zima kwa ajili ya kilio cha kaka yangu ambaye hatukuwa na mwili wake wa kuzika. Hakuna aliyeitisha mkutano. Watu hawakujibu swali lile kwa sababu hawajawahi kufikiri kwamba jambo hilo lina jina. Mkarimu! Kwetu mtu akijitaja mkarimu mbele ya watu, wanamcheka.

Kisha mratibu akamwita wifi yangu. Alisimama na kitenge chake cha Jumapili, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Bwana asifiwe, bapendwa."

"Amina!"

Akasimulia. Nami nikatafsiri, kwa kanuni ya ukalimani kwamba unasema "mimi" msemaji akisema "mimi." Hivyo nilisimama kanisani kwetu nikasema kwa Kiingereza kwamba mume wangu alichukuliwa akiwa ng'ambo ya mto na ng'ombe zake, kwamba nilimsikia akiita, kwamba nilikimbia upande mwingine kwa sababu nilikuwa na mtoto. Mume wangu, nilisema. Alikuwa kaka yangu. Nilimfundisha kusoma mimi. Sauti yangu haikutikisika hata kidogo, na hilo wageni walilisifu baadaye, waliniita mtaalamu.

Wifi akafika kwa mtoto. Akaeleza alivyofaulu, akaeleza ile nafasi Mbarara. Kisha sauti ikampanda, mkono ukaenda juu, nikajua amefika pale.

"Na leo minasema, mutoto wangu iko Mbarara! Iko ku masomo! Anavaa iniforme, anasoma, batoto bengine banamuuliza hesabu! Mungu amefanya! Sina fasi ya kulia tena. Haleluya!"

Kanisa likalipuka. Wamama wakaanza pambio, ngoma ikaingia. Nami nikatafsiri nilichosikia: mtoto wangu yuko Mbarara, yuko shuleni, Mungu amefanya. Nikavuta pumzi niongeze sentensi moja tu, kwamba kwetu hii ndiyo namna ya kuomba, kwamba mtoto yuko pale mlangoni amesimama. Mratibu akanigusa bega.

"Madamu," akasema kwa Kiingereza, "tafsiri anachosema yeye. Usiongeze."

Wageni walikuwa wamesimama wanapiga makofi na kulia. Yule mama mwenye mvi alimkumbatia wifi yangu mpaka kitenge kikalegea.

Nilimfuata mratibu mpaka kwenye gari. Nikamwambia, yule mtoto hayuko shuleni. Akaniambia, amesema yuko. Nikamweleza ushuhuda ni nini, tangu mwanzo, kama ninavyowaeleza ninyi, na yeye akinisikiliza huku akifunga mkanda wa gari. Alikuwa na adabu. Hilo ndilo linalonikera zaidi, kwamba alikuwa na adabu.

"Sisi hatuwasemei wanajamii," akasema. "Tunaziamini sauti zao. Wewe ungependa tumwite mama yule mwongo?"

Nimewahi kutukanwa na askari mpakani. Nimewahi kufukuzwa kwenye foleni kama mbwa. Sijawahi kufungwa mdomo kwa heshima namna ile.

Majina ya watoto waliochaguliwa yalisomwa Base Camp, penye ofisi za makazi. La binti yetu halikuwepo. Badala yake likaja bango jipya. Juu yake kulikuwa na wifi yangu, mkono juu, kinywa wazi, machozi yanametameta, na maneno: Kutoka Maumivu Hadi Ushindi. Walilibandika palepale pa lile la kwanza. Kila asubuhi binti yake alipita chini ya uso wa mama yake akienda kuteka maji.

Nikampigia simu mratibu. Akasema uchaguzi umefungwa, ila kuna habari njema: wafadhili wakubwa wanakuja Mbarara, kutakuwa na mazungumzo mengine, makubwa, na wangependa wifi yangu awe shahidi mkuu. Nikaangalia kalenda ya kanisa ukutani. Mazungumzo yalikuwa wiki moja kabla ya muhula kuanza.

Nilikwenda kwa wifi kibandani. Alikuwa akipepeta ndagala, akitoa mchanga. Nikamweleza kwa nini mtoto hakuchaguliwa. Alidhani ninamtania. Nilipomwapia, aliweka ungo chini.

"Basi balisikia kama mutoto ameisha kuingia?"

"Ndiyo."

"Bale batu habajue kuomba?"

"Wanajua. Ila kwao ukishukuru, maana yake umepokea."

Mteja akaja, akapimiwa, akaondoka. Ndipo wifi aliponiangalia kwa yale macho yake makubwa.

"Wifi, mi nilijenga na kinywa. Nikienda kusema haiko, si nitabomoa?"

Sikumshauri kitu. Si mimi wa kumfundisha mtu jinsi ya kusema na Mungu wake. Nilimwambia nilichosikia, basi. Juma lote lile alifunga. Alikuwa akiuza ndagala na midomo imekauka, na watu walifikiri ana malaria.

Taasisi ilituma basi dogo. Wamama wa kwaya nao walialikwa, wavae sare, waimbe mwanzoni, kwa sababu kuna utamaduni kwenye bango. Tulipita Isingiro asubuhi, migomba pande zote mbili na ng'ombe wenye pembe zile ndefu wakivuka barabara kwa starehe zao. Mama mmoja akasema, "Ona fasi ya batu, hata ng'ombe banashiba." Wifi hakucheka. Alikuwa dirishani na binti yake, ambaye aliomba aje aione shule yake. Alisema hivyo, shule yangu.

Ukumbi ulikuwa Kamukuzi, hapo Mbarara, juu kilimani, viti vimevishwa vitambaa vyeupe kama bibi harusi. Ukisimama barazani unaona paa za mji zikishuka. Binti alimuuliza mlinzi shule fulani iko wapi, naye akamwonyesha kwa kidole: lile paa la kijani, baada ya miti. Ilikuwa karibu kiasi kwamba tuliweza kuhesabu madirisha yake. Wifi alisimama pale muda mrefu. "Iko hapa tu," alisema. "Hata kwa miguu."

Mezani tuliwekwa pamoja na mama mmoja wa kambi ya jeshi ya hapo Mbarara, mke wa sajini. Alikuwa mnene, mcheshi, na alikuwa amechoka na kila kitu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha jeshi, kisichobembeleza.

"Nyinyi iko kutoka Nakivale? Karibu. Mimi mara ya tatu naita mimi hapa. Kila mara chakula mzuri."

Zamu yake ilitangulia yetu. Alichukua kipaza sauti kwa mkono mmoja, mwingine kiunoni.

"Mimi iko bibi ya askari. Sitaki kusema mingi. Mzee yangu iko mbali, kazini. Watoto nasoma, lakini darasa navuja, mvua nanyesha juu ya kitabu. Leta mabati. Nimemaliza."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mwongozaji akamshukuru kwa ukweli wake. Mke wa sajini akarudi mezani, akachukua kipande cha nyama.

"Umeona? Nasema mabati. Yeye nasema asante kwa ukweli. Banange, nitafunika darasa na ukweli?"

Kisha wakaita jina la wifi yangu, na picha yake ile yenye mkono juu ikatokea kubwa ukutani. Alipita chini yake kwenda jukwaani, mimi nyuma. Binti yake alikuwa meza ya nyuma pamoja na kwaya.

"Bwana asifiwe, bapendwa."

Kwaya ikaitikia amina. Akasimulia. Nikamtafsiri kaka yangu kwa mara ya pili. Mto, ng'ombe, sauti yake akiita. Nilimtazama yule mama mwenye mvi, aliyekaa mbele kabisa, na nikamwona amefumba macho akitikisa kichwa. Sijui alikuwa akimwona nani. Labda watu wake. Sitaki kumdharau. Lakini nilitamani kumpigia kelele afumbue macho, kwa sababu jambo la kuonwa lilikuwa palepale mbele yake, limevaa kitenge.

Wifi akafika kwa mtoto. Akaeleza kufaulu, akaeleza nafasi. Wamama wa kwaya nyuma walikwisha kuinua mikono yao tayari kwa makofi; pumzi zao nilizisikia. Yule mwenye ngoma aliweka kiganja juu ya ngozi.

Wifi akashusha kipaza sauti, akakipandisha tena.

"Mutoto wangu haiko ku masomo," akasema, taratibu. "Iko pale, nyuma, amekaa. Masomo inaanza wiki inakuja. Fasi yake ingali. Sina kitu cha kumulipia. Nimemaliza."

Akashuka jukwaani.

Hakuna aliyeitikia. Mama mmoja wa kwaya alisema "Yesu!" kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeona mtoto akianguka. Mwenye ngoma alitoa mkono juu ya ngozi akauficha mapajani. Katika miaka yote niliyoishi na watu hawa sijawahi kumwona mtu akiacha ushuhuda wazi namna ile, na huyu alikuwa wifi yangu, bingwa, mbele ya wageni, mbele ya mtoto. Nilijua alichofanya. Alikuwa amebomoa kwa kinywa chake mwenyewe ili awape wageni sentensi ambayo wangeweza kuielewa.

Nikatafsiri. Neno kwa neno. Sikuongeza.

Nao wakasimama, wakapiga makofi. Makofi yaleyale! Marefu yaleyale, machozi yaleyale, na mmoja wao aliinua simu juu achukue picha. Ushuhuda wa kwanza ulikuwa na haleluya, huu ulikuwa umekatwa shingo, na wao hawakusikia tofauti yoyote. Mratibu akachukua kipaza sauti akasema hii ndiyo nguvu ya mwanamke mweusi. Kisha akasema, kwa upole wake ule, kwamba leo hatukuja kutoa ahadi, leo ni siku ya kusikiliza, na kwamba kusikilizwa kwenyewe ni sehemu ya uponyaji.

Nilimwendea wakati wa chai. Nilimwambia umesikia, umesikia mwenyewe, mtoto yule pale, shule ile pale, paa la kijani. Sauti yangu ilikuwa juu, watu waligeuka. Akasema ameguswa sana. Akasema bajeti ya elimu imeshapangwa, ila habari hii itaingia kwenye ripoti. Nikamuuliza ripoti huvaliwa pamoja na sare ya rangi gani. Akaniomba nitulie, nikanywe maji.

Yule mama mwenye mvi alikuja kwenye meza yetu. Akamshika wifi yangu mikono, akasema nimwambie kwamba maumivu yake anayasikia ndani ya mifupa yake mwenyewe. Nikatafsiri. Wifi akanigeukia.

"Umuulize," akaniambia, "yeye iko na batoto?"

Alikuwa naye mmoja, binti, yuko chuo kikuu, mwaka wa mwisho.

Wifi yangu akafumba macho. "Mungu asifiwe," akasema. "Mungu amefanya."

Shukrani ambayo alikuwa ameizuia kinywani mwake kwa ajili ya mtoto wake, akaitoa kwa ajili ya mtoto wa mgeni, kwa adabu tu, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Nikaitafsiri hiyo pia. Yule mama akamkumbatia, akamwambia yeye ni dada yake, akaenda meza nyingine. Nilitaka kuvunja kitu. Mke wa sajini, aliyekuwa akifunga sambusa kwenye karatasi, alinivuta nikae.

"Nyabo, acha. Hawa nasikia tu. Kusikia ndio kazi yao."

Wakati wa kuondoka tulipewa mifuko ya kitambaa yenye ile mikono iliyoshikana. Binti wa kaka yangu aliukataa wake. Alisema ana mfuko.

Muhula ukaanza. Nafasi ikapewa mtoto mwingine, na mtoto huyo hana kosa, naye ana mama. Kanisa lilichanga, bila kuitisha mazungumzo. Wamama walileta walichokuwa nacho, lakini shule ya bweni haisomeshi kwa mihogo. Sasa binti anakaa kibandani na mama yake. Anapima ndagala. Hesabu zake ni za haraka mno, wateja humsifu, na kila wakimsifu mama yake hugeuka kutafuta kitu nyuma.

Jumapili ile ya kwanza pasta aliuliza kama kuna mwenye ushuhuda. Kanisa zima halikumtazama wifi, na kwa namna hiyo lilimtazama. Hakusimama. Wala Jumapili iliyofuata. Anakuja, anaimba, anatoa sadaka, na saa ile ikifika huangalia mikono yake. Nilimuuliza tukiwa njiani. Akaniambia kinywa chake kinakataa. Akitaka kusema mutoto iko ku masomo, anajisikia akisema kule Kamukuzi kwamba haiko, na ile ya pili inashinda. Kaka yangu waliniulia kule, na wifi yangu alivuka mpaka akiwa bado na kitu hicho kimoja kinywani. Sasa hata hicho hana. Na waliomnyang'anya walimpigia makofi.

Juzi mratibu amenipigia. Wanaandaa mazungumzo mengine, wafadhili wapya, na wangependa sana yule mama arudi. Sauti yake ilishuka kidogo, ya kunishirikisha siri. Wangependa ule ushuhuda wake wa kwanza, alisema. Ule wa Misiera. Ule wa Mbarara ulikuwa na nguvu, lakini watu walitoka wakiwa wazito. Ule wa kwanza ulikuwa na tumaini.

Nilikuwa kibandani nilipopokea. Nikaweka simu kwenye sauti kubwa, nikamwambia wifi kila alichosema, kwa Kiswahili chetu, bila kupunguza. Binti alikuwa na kikombe cha kupimia mkononi. Wifi alifuta mikono kwenye kitenge, polepole, kidole kwa kidole.

"Mwambie ule wa kwanza nilimupa Mungu, hauko wa kukopesha. Na ule wa pili haujaisha. Mwambie batu balipiga makofi katikati."

Mratibu alikuwa akinisubiri upande wa pili. Nikamtafsiria kwa Kiingereza, sentensi zote tatu. Sikuongeza hata neno moja.